Machozi hayapunguzi kifungo cha dereva

Ukipitia faili za rufaa za madereva waliofungwa kwa kusababisha vifo barabarani, ziwe katika Mahakama Kuu ya Nakuru au ya Naivasha, utakuta nyingi zimeandikwa gerezani na zote zinasema maneno yale yale: hili ni kosa langu la kwanza, nategemewa na mke, watoto na mama mzee, nimejuta, naomba huruma ya mahakama. Huenda yote ni kweli. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba rufaa ya namna hiyo imeanza kushindwa kabla jaji hajafungua ukurasa wa pili. Anayetaka kifungo kipunguzwe au kiondolewe lazima aonyeshe hakimu alikosea wapi. Na katika kesi hizi, kosa la hakimu hujificha karibu kila mara mahali pamoja: adhabu imepimwa kwa ukubwa wa msiba, haikupimwa kwa ukubwa wa uzembe wa dereva.

Si vigumu kuelewa kwa nini hali huwa hivyo huku kwetu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Desemba 2016 ikawa zamu ya Karai, Naivasha, ambako lori lililobeba kemikali inayowaka liligonga magari mengine usiku na moto ukateketeza makumi ya watu, wakiwemo maafisa wa kikosi cha polisi cha GSU. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023 trela liliwavamia wachuuzi na abiria kwenye makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50. Kitaifa, barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Hakimu anayeketi Molo, Nakuru au Kericho anapita barabara hizo hizo na amezika watu wake kama sisi. Anapomwona dereva kizimbani, nyuma yake anaiona Salgaa yote. Ni jambo la kibinadamu, lakini dereva huyo hakushtakiwa kwa ajili ya Salgaa yote.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wanaoizungumzia ni wengi kuliko walioisoma. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Kifungu chake cha 46 kinamhusu yeyote anayesababisha kifo kwa kuendesha gari bila kujali, au kwa kasi au namna iliyo hatari kwa umma, au kwa kuliacha gari barabarani mahali au katika hali ya kuhatarisha wengine. Kwa hivyo hata dereva aliyeacha trela bovu gizani bila alama zozote, akaenda zake kutafuta fundi, anaweza kushtakiwa ingawa hakuwa kwenye usukani mtu alipokufa. Adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 10. Adhabu ya chini haipo. Mahakama inaamriwa pia ifute leseni na kumzuia mtu huyo kupata nyingine kwa miaka 3, ikihesabiwa tangu siku aliyotiwa hatiani au siku atakayomaliza kifungo, yoyote itakayokuja baadaye.

Kifungu hiki hakitaji faini, na hapo ndipo uvumi unapoanzia. Utasikia kwenye korido za mahakama kwamba dereva akishapatikana na hatia chini ya kifungu cha 46, hakimu hana budi kumfunga. Si kweli. Kifungu cha 26 cha Kanuni za Adhabu kinasema kwamba mtu anayestahili kifungo anaweza kutozwa faini badala ya kifungo au pamoja nacho, isipokuwa pale sheria ilipoweka kifungo cha chini. Kifungu cha 46 hakikuweka. Iwapo mahakama inaona kwamba miaka 3 au pungufu inatosha, pia inaweza, chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, kumwamuru mtu afanye kazi ya umma akiwa nje. Kuna pia probesheni. Hakimu anayeandika kwamba sheria haimpi njia nyingine isipokuwa gereza ameisoma sheria vibaya, na hiyo peke yake ni hoja ya rufaa.

Sasa tazama mtego ulipo. Kumtia dereva hatiani hakuhitaji uzembe mkubwa. Mwaka 1979 Mahakama yetu ya Rufaa ilifuata kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1971 katika kesi ya Gosney: lazima kuwe kumetokea hali ya hatari, na lazima hali hiyo iwe imeletwa na kosa la dereva. Lakini kosa lenyewe ni kule tu kushuka chini ya uangalifu na ustadi wa dereva mzoefu. Laweza kuwa dogo, laweza kuwa la kupitiwa kwa nukta moja, na bado likatosha. Ndiyo maana msemo wa “ajali haina kinga”, ambao washtakiwa wengi huutoa wakiamini ni utetezi, hauwafikishi popote. Unamfaa yule tu anayeweza kuonyesha kwamba upande wake hakukuwa na kosa lolote: breki zilikatika ghafla bila dalili aliyoijua au aliyopaswa kuijua, au mtu alikatiza mbele ya gari katika umbali ambao hakuna dereva angeweza kusimama.

Matokeo yake ni kwamba kifungu kimoja kinawakusanya watu wasiofanana hata kidogo. Chukua mteremko wa kutoka Sachangwan kuja Salgaa. Dereva wa kwanza ana lori lenye tani kadhaa za mzigo. Anatoa gia na kuliacha liteleze kwa uzito wake ili aokoe mafuta, jambo ambalo polisi na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, wamelikemea kwa miaka mingi. Anajua kwamba breki zikichemka hana gia ya kumsaidia. Dereva wa pili anakuja na matatu usiku, kuna ukungu, mwendo wake ni wa kawaida, taa za gari la mbele zinamtia kiwi na anachelewa kumwona mtu anayevuka. Wote wawili wameua mtu mmoja. Wote wawili wanaweza kutiwa hatiani chini ya kifungu cha 46. Lakini wa kwanza aliichagua hatari na kukaa nayo kilomita baada ya kilomita, huku watu wengine wakilipia mafuta aliyookoa. Wa pili alikosea kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kusoma sentensi hii. Mahakama za Uingereza ziliuweka mgawanyo huo wazi mwaka 1973 katika kesi ya Guilfoyle: upande mmoja waliopitiwa, upande mwingine walioamua kupuuza usalama wa wenzao kwa ubinafsi wao. Majaji wetu nao wamewahi kuunukuu. Mimi nauona ndio moyo wa suala zima. Kwa kuwa hatia haitofautishi kati ya madereva hawa wawili, ni adhabu pekee iliyobaki kuwatofautisha. Adhabu isipofanya kazi hiyo, hakuna hatua nyingine ya kesi itakayoifanya.

Hapa ndipo mkata rufaa anapopaswa kujua jaji anaruhusiwa kufanya nini. Rufaa dhidi ya hatia humpa jaji uhuru mkubwa. Tangu kesi ya Okeno ya 1972, mahakama ya kwanza ya rufaa inatakiwa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Rufaa dhidi ya adhabu ni kitu kingine. Adhabu ni hiari ya hakimu, na jaji haigusi kwa sababu tu yeye angetoa ndogo zaidi. Anaigusa iwapo hakimu alisahau jambo la maana, alizingatia jambo lisilohusika, alifuata kanuni isiyo sahihi, au adhabu ni kali kupita kiasi ukitazama mazingira ya kesi hiyo. Basi ombi lolote lisilotaja mojawapo ya hayo manne ni barua ya kuomba msaada. Jaji anaweza kuisoma kwa uchungu kisha akaitupilia mbali kwa haki kabisa.

Makosa yenyewe yako, tena ni ya kawaida kwa anayejua pa kuyatafuta. La kwanza ni hakimu kutaja wingi wa ajali nchini kama sababu kuu ya kifungo, bila neno lolote juu ya namna mshtakiwa huyu alivyoendesha gari siku hiyo. Kuenea kwa kosa kunaweza kuzingatiwa, ila hakuwezi kuchukua nafasi ya ukweli wa kesi iliyo mbele yake. La pili ni kuhesabu muda vibaya. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda ambao mshtakiwa alikaa rumande uzingatiwe, na hukumu nyingi hukinyamazia. La tatu ni vifungo vinavyotokana na faini isiyolipwa. Kwa kuwa kifungu cha 46 hakisemi lolote kuhusu faini, kipimo kinachotumika ni kile cha kifungu cha 28 cha Kanuni za Adhabu, na hapo faini ya zaidi ya Sh50,000 hubadilishwa kwa kifungo kisichozidi miezi 12. Dereva aliyeambiwa alipe Sh200,000 au akae ndani miaka 3 amepewa adhabu ambayo kipimo hicho hakiiruhusu. La nne hutokea watu wengi wanapokufa katika ajali moja. Kila marehemu huwa shtaka lake, na kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema vifungo hufuatana kimoja baada ya kingine ikiwa mahakama haikuamuru viende pamoja. Hakimu akikaa kimya, vifungo vitatu vya miaka 2 vinakuwa miaka 6 kwa tukio moja la sekunde chache. Kanuni ya kawaida kwa makosa ya tukio moja ni kwamba vifungo viende pamoja, na jaji akiombwa kulirekebisha hilo, ana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Idadi ya waliokufa inastahili neno lake. Wapo watakaoniuliza: unataka kusema aliyeua watu 10 ni sawa na aliyeua mmoja? Hapana. Madhara ni sehemu ya kosa, na mahakama haiwezi kuyafumbia macho. Lakini idadi ya waliokufa mara nyingi huamuliwa na bahati: gari lililogongwa lilikuwa limejaa au tupu, wachuuzi walikuwa wamepanga bidhaa kando ya barabara au walikuwa wamefunga kwa ajili ya mvua. Dereva anajibu kwa alichokifanya na kwa hatari aliyopaswa kuiona. Anayeshuka Salgaa bila gia alipaswa kujua kwamba huko chini kuna watu, kwa hivyo wingi wa waliokufa unamwelemea kwa haki. Aliyepitiwa kwa nukta moja hakuwa na idadi yoyote kichwani, na kumwongezea mwaka kwa kila kiti kilichokuwa na abiria ni kumwadhibu kwa bahati mbaya.

Nije kwenye utaratibu, kwa sababu rufaa nzuri hufia hapo. Muda wa kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 14 tangu adhabu ilipotolewa. Aliye ndani hukabidhi ombi lake kwa mkuu wa gereza, naye analifikisha mahakamani. Ombi lazima liwe la maandishi na liambatane na nakala ya hukumu, ila sheria inatambua kwamba nakala hucheleweshwa, na mahakama inaweza kuongeza muda ikiwa kuna sababu ya kutosha. Kinachoumiza zaidi ni saa inavyokwenda baada ya hapo. Mfungwa mwenye tabia nzuri husamehewa theluthi moja ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja. Kifungo cha miaka 2 humalizika kwa miezi 16, na mwenendo wa kesi unaweza kuchukua miezi mingi kati ya hiyo kabla haujachapwa. Kwa dereva huyo ushindi wa rufaa unaweza kuja akiwa tayari yuko nyumbani.

Ndiyo sababu familia hukimbilia dhamana wakati rufaa inasubiriwa, na hapo napo kuna kutoelewana kukubwa. Watu husema Katiba inampa kila mtu haki ya dhamana. Ibara ya 49 inamhusu aliyekamatwa ambaye bado anahesabiwa hana hatia. Aliyehukumiwa ameshavuka mstari huo. Tangu kesi ya Jivraj Shah ya 1986, mahakama huuliza kama rufaa ina uwezekano mkubwa wa kufaulu na kama kuna mazingira ya kipekee, likiwemo hili la kifungo kuwa kifupi kiasi kwamba sehemu kubwa itakuwa imetumikiwa rufaa ikisikizwa. Hoja ya ufupi wa kifungo ina nguvu hasa inapoambatana na kosa la kisheria linaloonekana wazi kwenye hukumu. Wajue pia kwamba siku za kukaa nje kwa dhamana hazihesabiwi kama sehemu ya kifungo. Rufaa ikianguka, dereva anarudi kumalizia alipoachia.

Kundi linalonihuzunisha kuliko yote ni la waliokiri kosa. Dereva wa lori, mgeni mjini, anafikishwa kortini asubuhi, mtu anamnong’oneza kwamba akikubali atapigwa faini na kuondoka, anakubali, jioni yuko gerezani. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamzuia aliyekiri kukata rufaa dhidi ya hatia. Kinachobaki kwake ni kulalamikia uhalali au ukubwa wa adhabu. Lipo tundu moja. Kukiri kwenyewe lazima kuwe kumefuata hatua zilizowekwa katika kesi ya Adan ya 1973: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, upande wa mashtaka ueleze ukweli wa tukio, na yeye apewe nafasi ya kuukubali au kuupinga. Ikiwa rekodi inaonyesha alisema “ni kweli, lakini breki zilikataa”, huko si kukiri, na hatia yenyewe inaweza kuanguka. Kwa hivyo isomeni rekodi neno kwa neno kabla hamjakata tamaa.

Kuna imani nyingine mbili zinazowaponza watu. Moja ni kwamba familia ya marehemu ikisamehe na kupokea fidia, kesi imekwisha. Kifungu cha 176 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo, kinachoruhusu mapatano, kinahusu makosa ya faragha yasiyofikia uzito wa jinai kubwa, na kosa lenye kifungo cha miaka 10 limepita hapo mbali. Mashtaka ni ya Jamhuri, na hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuyaondoa bila idhini ya mahakama. Lakini maridhiano ya kweli, yaliyofanywa mapema, si kazi bure. Ni jambo la maana ambalo hakimu anapaswa kulipima wakati wa adhabu, na asipolitaja kabisa, mmepata mojawapo ya zile sababu nne.

Imani ya pili ni kwamba kukata rufaa hakuna hasara. Jaji anaposikiliza rufaa dhidi ya adhabu ana uwezo wa kuipunguza, kuibadilisha na hata kuiongeza. Mahakama ya Rufaa imesisitiza kwamba mkata rufaa aonywe mapema hatari hiyo inapokuwepo, naye aweze kuamua kama ataendelea au atajiondoa. Dereva aliyepewa mwaka mmoja kwa kuua akiwa mlevi na kwenye upande usio wake wa barabara afikirie mara mbili. Akishindwa Mahakama Kuu pia, mlango wa juu zaidi ni mwembamba sana: Mahakama ya Rufaa husikiza hoja za kisheria tu katika rufaa ya pili, na ukali wa adhabu huhesabiwa kuwa suala la ukweli. Na wanaodhani watarudi kwa njia ya barua ya kuomba marejeo wajue kwamba kifungu cha 364 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai hakimruhusu mtu aliyekuwa na haki ya rufaa na hakuitumia aombe marejeo kama njia ya mkato.

Nimewasimamia madereva, na nimekaa upande wa pili na wajane wa waliouawa, kwa hivyo najua swali linaloulizwa nikisema haya. Faini ni bei ya mtu? Jibu langu ni kwamba kifungo nacho si bei ya mtu. Fidia ya familia ina njia yake katika kesi ya madai, na huko hukumu ya jinai ina uzito zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hatia isiyokatiwa rufaa, au iliyothibitishwa na rufaa, kuwa ushahidi usiopingika kwamba dereva alitenda kosa hilo. Bima ya lazima ya watu wengine, chini ya Sura ya 405, inaweza kulipa hadi Sh3,000,000. Ndiyo maana mwenye gari ambaye hajawahi kumtembelea dereva wake gerezani anaweza ghafla kumlipia wakili wa rufaa: anachokitetea ni mfuko. Dereva ajue hilo, na ahakikishe wakili huyo anapigania kifungo pia, asipiganie hatia pekee.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba rufaa hushindwa au kushinda mapema, katika mahakama ya chini, na si kila mtu anafika huko akiwa sawa na mwenzake. Mkazi wa Milimani, hapa Nakuru, aliyemgonga mtu kwa gari lake binafsi, atakuwa na wakili siku ya kwanza. Wakili atauliza nani alichora ramani ya ajali, sehemu ya kugongana ilithibitishwaje, mkaguzi wa magari aliziona breki zikoje, na kwa nini daktari aliyepasua maiti hakuitwa. Hatia ikija, ataomba ripoti ya afisa wa probesheni. Tanboi wa Rhonda aliyeshika usukani wa lori kwa amri ya tajiri wake atajitetea peke yake na kuulizwa mwishoni kama ana la kusema kabla ya adhabu. Atasema anaomba msamaha. Maneno hayo mawili ndiyo rekodi yote ambayo jaji ataisoma mwaka unaofuata, na jaji hawezi kupima kiasi cha uzembe ambacho hakikuandikwa popote.

Tufanye nini basi? Kwa familia: siku mtu wenu anapopatikana na hatia, msisubiri adhabu itamkwe. Ombeni ripoti ya afisa wa probesheni. Leteni rekodi yake ya udereva, barua za mwajiri zinazoonyesha zamu alizofanya wiki hiyo, taarifa za kidhibiti mwendo kama gari linacho, na ushahidi wa lolote lililofanywa kwa familia ya marehemu. Kwa asiye na wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda shirika la kitaifa kwa ajili hiyo, na aombe msaada kabla ya kesi kuanza. Ukifika gerezani umechelewa.

Kwa mahakimu: mwongozo wa adhabu wa Idara ya Mahakama upo tangu 2016 na ulipitiwa upya mwaka 2023. Aya moja tu katika kila hukumu ya kifungu cha 46, inayosema dereva huyu alikosea kwa kiasi gani na kwa nini njia ya nje ya gereza haifai, ingepunguza rufaa nyingi na kuziimarisha adhabu zinazobaki.

Kwa waendesha mashtaka: Sheria ya Trafiki inakataza mtu kulitumia gari bovu au kuruhusu litumike. Mwenye lori aliyeambiwa breki zimekwisha akajibu “peleka mzigo kwanza” anastahili kusimama kizimbani pembeni ya dereva wake. Kumfunga dereva peke yake kunamwacha tajiri akimtafuta dereva mwingine kwa lori lile lile.

Na kwa Bunge: tunahitaji kosa la katikati. Leo mwendesha mashtaka anachagua kati ya kifungu cha 46 chenye miaka 10 na kifungu cha 49 cha kuendesha bila uangalifu, ambacho hakisemi lolote kuhusu kifo. Mahakama ya rufaa inaweza kushuka hadi kosa dogo pale ushahidi unaporuhusu, lakini huko ni kuziba pengo kwa kiraka. Uingereza ilitunga mwaka 2006 kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji usio wa uangalifu, lenye kikomo cha miaka 5, na mwaka 2022 ikapandisha adhabu ya uendeshaji wa hatari unaoua hadi kifungo cha maisha. Aliyepitiwa akawekewa kikomo chake cha chini, na aliyeamua kutojali akawekewa kikomo kikali zaidi. Wabunge wetu wanaodai adhabu kali baada ya kila ajali kubwa wasome hatua zote mbili.

Najua baadhi ya wasomaji wataona nimewatetea madereva. Wafikirie hivi: adhabu zinazopinduliwa Mahakama Kuu ni zile zilizoandikwa kwa hasira, bila sababu, bila hesabu ya rumande, zikiwa na miezi ambayo sheria hairuhusu. Dereva aliyetoa gia Sachangwan ili aokoe mafuta anaweza kuachiliwa kwa sababu tu hakimu alishindwa kueleza kwa nini alimfunga. Anayetaka mtu huyo atumikie kifungo chake hadi mwisho ana kila sababu ya kudai hukumu iliyopimwa.